Karani wa sufu aliyelibatiza Bonde la Ufa

MKAZI yeyote wa Gisenyi analijua jiwe letu. Ni jeusi, lina matundu kama mkate, na kwa Kinyarwanda mawe hayo tunayaita amakoro. Tumeyajengea misingi ya nyumba, tumeyazungushia nyua zetu, na wafanyabiashara wa mpakani huyakanyaga kila wanapokwenda Goma na kurudi. Ukimwuliza mtu yametoka wapi, atakuonyesha mlima Nyiragongo kwa kidole na maelezo yake yataishia hapo.

Lakini maswali hayaishi. Kwa nini mlima huo uwe hapa na si Butare au Kibungo? Kwa nini Ziwa Kivu liwe na kina cha zaidi ya mita 470? Na kwa nini, katika siku zilizofuata Mei 22, 2021, barabara na kuta zilipasuka huku Rubavu, ilhali lava ilimwagika upande wa pili wa mpaka?

Ili kuyajibu maswali hayo hatuna budi kurudi nyuma, kwa mtu aliyefariki mwaka 1932. Jina lake ni John Walter Gregory. Sisi tulioanza shule uhamishoni, Tanzania, tulikariri kwamba Bonde la Ufa limepita Afrika Mashariki, tukajibu mtihani, tukafaulu. Hakuna aliyetueleza nani aliliita ufa, na aliona nini hata akalipa jina hilo. Maisha ya mtu huyo yanafaa kusimuliwa, kwa mazuri yake na kwa mabaya yake.

Karani wa mchana, mwanafunzi wa usiku

Gregory alizaliwa Januari 27, 1864 huko Bow, mashariki ya jiji la London. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa sufu. Alipofika umri wa miaka 15 aliacha shule na kuingia kazini kama karani katika biashara hiyo hiyo ya sufu: kuandika hesabu za marobota, kufuata minada, kupokea mshahara mdogo. Angeweza kuishia hapo kama vijana wengi wa mtaa wake.

Hakuishia hapo. Jioni, baada ya kazi, alikwenda chuo cha Birkbeck, mahali ambapo watu wanaofanya kazi mchana walisoma usiku. Huko akapenda jiolojia, elimu ya mawe na ya namna ardhi ilivyojengeka. Mwaka 1887 alipata nafasi katika idara ya jiolojia ya British Museum, jumba kubwa la makumbusho la London. Aliendelea kusoma huku akifanya kazi, na mwaka 1891 alipata shahada ya Chuo Kikuu cha London katika daraja la kwanza. Wazazi wanaowaambia watoto wao kwamba aliyechelewa shule amekosa kila kitu wamkumbuke karani huyu.

Mwaka huo huo wa 1891, Eduard Suess, profesa wa Vienna ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki, alichapisha maandishi yaliyowashtua wataalamu. Alikuwa amesoma taarifa za wasafiri, hasa za Count Teleki na Ludwig von Höhnel waliofika Ziwa Rudolf, sasa Turkana, mwaka 1888. Kwa kuzipanga taarifa hizo pamoja, Suess alisema maziwa marefu na membamba ya Afrika Mashariki hayakutokea kila moja kwa bahati yake. Yamepangwa kwenye mipasuko mikubwa ya ardhi inayoungana na Bahari ya Sham na bonde la mto Yordani.

Yalikuwa maneno mazito, lakini yalikuwa maneno ya mezani. Ilibaki kazi ya mtu kwenda na nyundo, akagonge mwamba na kuona kama ni kweli.

Kutoka Mombasa kwa miguu

Gregory aliomba ruhusa makumbusho na mwishoni mwa 1892 akaja pwani ya Afrika Mashariki. Aliungana na msafara mkubwa wa Waingereza uliokusudia kwenda Ziwa Rudolf. Msafara huo ulivunjika kabla ya kufika popote, na Gregory mwenyewe aliugua. Wengine wangepanda meli kurudi nyumbani.

Yeye alikwenda Mombasa, akakusanya wapagazi wapatao 40, wengi wao watu wa pwani na Zanzibar, na mwezi Machi 1893 akaanza safari kwa fedha kidogo. Msafara wa watu 40 ulikuwa mdogo sana kwa wakati ule. Thomson na Teleki, waliomtangulia katika nchi hiyo, walikuwa na mamia ya watu na bunduki. Gregory aliyategemea macho na miguu ya wapagazi wake. Ni wao waliobeba masanduku ya mawe aliyoyakusanya, waliotafuta maji na posho, na waliozungumza na wenyeji njiani kwa Kiswahili na lugha nyingine. Vitabu vya kizungu humsifu Gregory kwa safari ile. Haki ni kuwasifu na wale 40, maana mawe hayajibebi.

Walipita Kibwezi, wakafika Naivasha, wakaendelea kaskazini hadi Ziwa Baringo, kisha wakarudi kwa njia ya Laikipia na mlima Kenya. Katika mlima huo Gregory alikuwa mtu wa kwanza katika historia iliyoandikwa kufika kwenye barafu yake. Wapagazi wake, watu wa minazi na joto, waliamka asubuhi wakakuta maji ya sufuria yamegeuka jiwe, wakaamini yamerogwa. Baadaye barafu mojawapo ya mlima ule ilipewa jina la Gregory. Hivi sasa barafu hiyo imeyeyuka yote, haipo tena.

Alichokiona bondeni

Jambo kubwa lilikuwa bonde lenyewe. Watu walizoea kudhani kwamba kila bonde limechimbwa na mto. Mto hupita, hula udongo, na baada ya miaka mingi bonde huzama. Gregory aliuliza: kama ni mto, uko wapi? Bonde aliloliona lilikuwa pana, kuta zake zimenyooka na kukabiliana kama kuta za chumba, na ndani yake maziwa yasiyokuwa na mto wa kuyaunganisha.

Ndipo akatazama tabaka za mawe. Mfanyabiashara wa vitenge ataelewa upesi. Ukikata robota la vitenge katikati kwa upanga, rangi zitafuatana sawasawa katika kila kipande: nyekundu, buluu, njano. Hata vipande vikitenganishwa, mtu mwenye macho atajua vilikuwa robota moja. Gregory aliona mpangilio wa namna hiyo kwenye ngazi za bonde. Tabaka za mwamba zilizokuwa juu zilikatika ghafla, na chini yake zikaonekana tena zikiwa zimeshuka. Kwa hiyo hazikuliwa na maji. Zilikatika na kuzama, bamba zima la ardhi kati ya nyufa mbili zinazokwenda sambamba.

Mfano wa pili ni wa fundi uashi. Fundi akijenga tao la matofali juu ya mlango, tofali la katikati hushikwa na mawenzake ya pande zote mbili. Ukizisogeza nguzo zikaachana kidogo tu, lile la katikati hudondoka. Hivyo ndivyo Gregory alivyoieleza asili ya bonde: ardhi ilivimba kama tao, ikavutwa pande mbili, na sehemu ya katikati ikashuka.

Aliporudi London aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1896, The Great Rift Valley. Jina alilolitumia lilienea duniani kote, na mabonde ya aina hiyo popote yalipo sasa huitwa hivyo. Kiswahili kikalifasiri kwa neno zuri la ufa, kwa kuwa ufa ndio kitu chenyewe. Mkono wa mashariki wa bonde, ule wa Kenya na kaskazini ya Tanzania, wataalamu wanauita kwa jina la Gregory. Mkono wa magharibi ni wetu: unatoka Ziwa Albert, unapita Edward na Kivu, unashuka hadi Tanganyika. Wakati Gregory anaandika kitabu chake, Mjerumani Count von Götzen alikuwa amekwisha kupita Rwanda, mwaka 1894, enzi za Mwami Kigeli Rwabugiri, akaliona Ziwa Kivu na kupanda Nyiragongo.

Mtu aliyesema hapana

Baada ya hapo Gregory hakutulia. Mwaka 1896 alivuka kisiwa cha Spitsbergen karibu na ncha ya kaskazini. Mwaka 1900 aliteuliwa profesa wa jiolojia Melbourne, Australia. Alichaguliwa pia kuongoza wanasayansi wa msafara wa Kapteni Scott kwenda Antaktika, lakini akajiuzulu mwaka 1901 alipoona kwamba uamuzi wa mwisho utakuwa wa mabaharia na si wa watu wa sayansi. Kuanzia 1904 hadi 1929 alikuwa profesa Glasgow, miaka 25.

Kuna kazi yake moja ambayo sisi tuliorudi kutoka uhamishoni tutaielewa kuliko watu wengine. Mwaka 1908, jumuiya moja ya Kiyahudi iliyokuwa ikitafuta nchi ya kuwapeleka Wayahudi waliokuwa wakiteswa Urusi ilimtuma kwenda Cyrenaica, nchi ambayo sasa ni sehemu ya Libya. Watu walikuwa na haraka na matumaini makubwa. Gregory alichunguza ardhi akaona mawe yake ya chokaa yanapitisha maji kama chujio, na kwamba maji ya kuwatosha watu wengi hayapo. Alirudi akawaambia hivyo, na mpango huo ukaachwa. Ni vigumu kumwambia mtu asiye na nchi kwamba nchi anayoitamani haitamlisha. Lakini kumpeleka akafe kwa kiu ni vibaya zaidi.

Aliyeyasoma mawe akashindwa kuwasoma watu

Sasa nieleze upande mwingine, maana mtu husimuliwa mzima. Mwaka 1925 Gregory alichapisha kitabu kuhusu rangi za watu, The Menace of Colour. Ndani yake alitetea kuwatenga watu weupe na watu weusi, na akaipinga ndoa kati yao kana kwamba ni hatari kwa binadamu. Mtu aliyetembea miezi mizima na watu 40 wa pwani, akala chakula walichopika, akaugua na kupona mikononi mwao, aliandika kwamba watu wa namna hiyo wakae mbali na watu wake.

Hakuwa peke yake. Enzi hizo wasomi wengi wa Ulaya waliwapanga binadamu kwa tabaka kama wanavyopanga mawe, na wakauita upangaji huo sayansi. Hapa Rwanda tunaijua gharama yake. Miaka ya 1930 wakoloni wa Kibelgiji walitoa vitambulisho vya ukabila kwa kutumia fikra za aina hiyo, na sisi tuliozaliwa nje ya nchi yetu tulizaliwa huko kwa sababu ya mti uliopandwa wakati ule. Tofauti ni hii: kwenye mawe Gregory alidai ushahidi kabla ya kusema. Kwenye watu alianza na hukumu, kisha akatafuta maneno ya kuipamba.

Mabishano ya ufa

Gregory alirudi Afrika Mashariki mwaka 1919. Safari hii ilikuwapo reli iliyokwisha kufika Ziwa Victoria, ikishuka bondeni na kupanda tena. Katika safari hiyo, pale Olorgesailie, kusini magharibi ya Nairobi, aliona zana za mawe za watu wa kale, mahali ambapo Louis na Mary Leakey walikuja kupafanyia kazi kubwa miaka ya 1940. Mwaka 1921 alitoa kitabu cha pili kuhusu bonde.

Hapo ulizuka ubishi. E. J. Wayland, aliyeongoza idara ya jiolojia ya Uganda tangu 1919, alilichunguza bonde la Ziwa Albert akasema Gregory amekosea. Kwa maoni yake ardhi haikuvutwa, bali ilibanwa, na pande mbili zikapanda juu ya katikati. Hoja hiyo ilipata wafuasi kwa miaka mingi. Mwishowe vipimo viliamua: ardhi inavutwa. Katika hilo Gregory alishinda.

Lakini kuna ubishi alioshindwa. Alfred Wegener, Mjerumani, alitangaza mwaka 1912 kwamba mabara yanasafiri, na kwamba Afrika na Amerika ya Kusini zilikuwa nchi moja. Gregory, mtu aliyeona kwa macho yake ardhi ikipasuka, hakukubali. Alishikilia kwamba kati ya mabara palikuwa na nchi zilizozama baharini. Wegener alifia katika barafu ya Greenland mwaka 1930, akidharauliwa na wengi. Ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1960, wanasayansi walikubali kwamba ganda la dunia limegawanyika katika mabamba makubwa yanayosogea, mengine yakiachana, mengine yakigongana.

Kifo juu ya bamba linalozama

Mwaka 1932, akiwa na miaka 68, Gregory alikwenda Peru kuchunguza asili ya milima ya Andes na matetemeko yake. Juni 2 mtumbwi wake ulipinduka katika maporomoko ya mto Urubamba, naye akafa maji.

Jibu alilokuwa akilitafuta lilikuwa chini ya mto huo. Pwani ya Peru, bamba la sakafu ya bahari linaingia chini ya bara na kuzama polepole, likisababisha matetemeko yanayofika kina cha zaidi ya kilomita 600. Miaka hiyo hiyo Kiyoo Wadati wa Japani alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba yapo matetemeko yanayotoka kina kikubwa namna hiyo, na baadaye Hugo Benioff wa Marekani aliyapanga kwenye ramani akaona yanafuata mteremko, kama ubao ulioegemezwa ukutani. Hilo ndilo bamba linalozama. Huko mabamba yanakutana. Huku kwetu yanaachana. Ni kazi moja ya dunia yenye ncha mbili, na Gregory alitembea katika ncha zote mbili.

Ufa chini ya soko letu

Haya yote yanatuhusu nini sisi wa Gisenyi? Yanatuhusu sana. Basi la kutoka Musanze linapoteremka kuelekea ziwani, linashuka ukuta wa bonde. Goma na Gisenyi zote mbili ziko sakafuni. Mpaka wa nchi umepita katikati ya miji, lakini ufa hauujui mpaka huo wala hauulizi kibali cha kuvuka. Magharibi liko bamba la Nubia, mashariki liko bamba dogo la Victoria, na yanaachana kwa milimita chache tu kwa mwaka. Ni kidogo kuliko kucha inavyokua. Lakini ardhi ikivutwa huwa nyembamba, nyufa hufunguka, na mawe yaliyoyeyuka hupata njia.

Ndiyo sababu Nyiragongo iko hapa. Ilimwaga lava Januari 10, 1977, ikarudia Januari 17, 2002 ilipopita katikati ya Goma hadi ziwani na mamia ya maelfu ya watu wakakimbilia kwetu. Mei 22, 2021 lava ilisimama kabla ya kufika katikati ya mji. Watu wakashusha pumzi, kumbe mawe mengine yaliyoyeyuka yalikuwa yakisafiri chini ya ardhi, chini ya Goma, hadi chini ya ziwa. Ndiyo yaliyopasua barabara na nyumba zetu siku zile.

Ufa huo pia una riziki yake. Maji ya moto ya Nyamyumba yanatoka humo. Gesi ya methani iliyo chini ya Ziwa Kivu ilianza kutumika miaka ya 1960 katika kiwanda cha bia cha hapa Gisenyi, na sasa inazalisha umeme huko Karongi. Milima hiyo hiyo ndiyo iliyotupa udongo wa viazi, na ndiyo iliyoziba njia ya maji, hata ziwa ambalo zamani lilielekea kaskazini likamwaga maji yake Rusizi.

Kwa hiyo tuishi kama watu wanaojua walipo. Ufa ukitokea ukutani baada ya tetemeko, usiuzibe kwa saruji na rangi ili mpangaji asiuone. Utangaze, upimwe. Usijenge juu ya mstari uliopasuka mwaka 2021 kwa sababu tu kiwanja ni cha bei nafuu. Mtoto au mbuzi asilazwe katika shimo au bonde dogo lenye mazuku, ile hewa nzito isiyo na rangi inayoua kimya kimya, maana nayo hutoka katika ufa huo huo. Na mfanyabiashara anayesikia taarifa ya wataalamu wa volkano wa Goma asiseme hayo ni ya upande ule.

Gregory alitufundisha kutazama tabaka za pande mbili kabla ya kusema zilitengana vipi. Somo hilo alilifuata vizuri bondeni, akalisahau kwa wanadamu. Sisi tunaweza kulishika kote kuwili: kwa ardhi tunayojenga juu yake, na kwa jirani tunayekutana naye mpakani kila asubuhi.